Homa Ilikuwa Imeshaondoka

Shambani, Ruaha Mbuyuni
Alhamisi mchana

Mwanangu Yusta, kamwene.

Maji nimeyaelekeza kwenye vitunguu, mashine inaunguruma, na mimi nimekaa juu ya tenga nililolipindua, daftari la mdogo wako Baraka likiwa mapajani. Nimechana kurasa za katikati. Mwambie nitamnunulia jingine.

Habari za safari sina la kukuagiza. Blanketi, ndoo, vyeti, namba ya mtu atakayekupokea Mbeya, yote hayo mama yako ameyasema mpaka umeyakariri. Kuhusu masomo ya kilimo ndiyo kabisa sina la kukufundisha, maana msimu uliopita wewe ndiye uliyenifundisha mimi.

Naandika kwa sababu kuna jambo siwezi kukuambia kwa mdomo. Kukuambia wewe kitu ni kupaza sauti, na jambo hili kila nikipaza sauti linageuka jingine. Nimejaribu mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza nilianza, ukasema, "Eeh, baba?" nami nikasema, "Nasema chai imepoa." Mara ya pili nikasema hivyohivyo, na siku hiyo chai hata haikuwepo mezani. Ulinitazama ukafikiri baba yako anazeeka.

Jumapili ulikuwa umekaa chini mama yako anakusuka. Ukamwambia, "Mama, nimempata yule nesi. Facebook. Amestaafu, yuko Uyole." Kisha ukasema Jumamosi yako ya kwanza ya chuo utamtafuta, usimame mbele yake, umuulize kwa nini alikataa kukutibu ukiwa mtoto. Ulisema taratibu tu, kama mtu anayepanga kwenda sokoni. Mama yako aliacha kusuka. Hukuona, kichwa chako kilikuwa kimeinama. Alinitazama mimi.

Jioni alinifuata bandani. "Baba Yusta, mtoto huyu hapandi basi bila kujua. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi nitamwambia yote, mpaka ile ya kanisani."

Basi naandika. Nesi Bupe hakukataa kukutibu. Mimi ndiye niliyekataa alichoniambia.

Ulikuwa na miaka saba, darasa la kwanza. Uliamka na homa, macho mekundu, mafua. Nilikupakia kwenye baiskeli nikakupeleka zahanati. Nesi Bupe alikupima malaria, akapima tena, hakuna. Akasikiliza kifua, akakuinamisha shingo, akakuuliza kama umekojoa, ukacheka kwa aibu. Kisha akaniambia, na maneno yake ninayo mpaka leo kama yameandikwa ukutani: "Baba Yusta, hii ni homa ya mafua. Mwili wake utaimaliza wenyewe. Mpe panado, mpe maji mengi, alale. Kesho kutwa niletee nimwone tena. Akianza kutapika kila kitu, akilegea, akipata degedege, usingoje kesho kutwa, mlete hata saa nane ya usiku, nigongee dirishani."

"Na sindano?"

"Ya nini?"

"Nesi, mtoto anaungua, halafu unanipa maji? Maji mimi ninayo. Mto mzima unapita shambani kwangu."

"Basi leo huo mto umepata kazi," akasema.

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Na mimi, mwanangu, nilitoka pale sifikirii homa yako tena. Nilikuwa nafikiria kile kicheko.

Wewe unajua nilivyokuwa nalima. Jumatatu napiga dawa, Ijumaa napiga dawa, jani liwe na doa au lisiwe na doa. Ya ukungu, ya wadudu na busta ya kukuza majani, zote kwenye bomba moja, nakoroga kwa kijiti na kulipandisha mgongoni. Mkulima aliyesubiri aone ugonjwa kwanza tulimwita mvivu. Tulimsema hata harusini. Mtu kama mimi unamwambia akae siku mbili anamtazama mtoto wake anaungua, asifanye kitu! Nilimwona Nesi Bupe kama yule mkulima mvivu.

Nikageuza baiskeli kuelekea duka la dawa. Yule kaka aliyekuwa akiuza pale tulimwita Daktari kwa sababu alivaa koti jeupe. Hakukupima kitu. Alikutazama kutoka nyuma ya meza akauliza, "Ana miaka mingapi?" Nikasema saba. "Basi siku saba," akasema, akacheka mwenyewe kama aliyepata kitu kizuri. Tukaingia nyuma ya pazia. Asubuhi sindano, jioni sindano. Mimi nilitoka pale kifua mbele. Niliona sasa mtoto ametibiwa.

Siku ya tatu uliamka ukaomba kiporo. Nakumbuka ulikaa mlangoni na bakuli, jasho limekauka, unamrushia kuku tonge. Homa ilikuwa imeshaondoka. Hesabu mwenyewe, mama: Nesi alisema kesho kutwa, na ilikuwa ni kesho kutwa hiyohiyo. Mimi nikasema sindano imefanya kazi.

Mama yako akasema tuache. "Mtoto mzima anachomwa za nini?"

"Huwezi kuacha dozi katikati."

"Dozi ya nani? Ya koti?"

Nilimfokea. Nikamwambia asome kwanza ndipo aje kunifundisha, mimi mwenyewe niliyeishia darasa la saba kama yeye. Tukamaliza siku saba. Ulikuwa umekonda, hutaki kukimbia na wenzako, na yule kaka akasema tuongeze siku tano "za kukata mizizi". Nikakubali haraka, kwa sababu neno hilo mkulima analielewa.

Jioni moja katika zile siku tano tulikuwa tunakula. Mashine ya maji nilikuwa nimeshaizima na kuifunika. Ukaniuliza, "Baba, mbona mashine haijazimwa?" Nikacheka, nikakuambia mashine imelala, na wewe ukalale. Kesho yake ukauliza tena, ukaziba masikio kwa viganja, ukasema bado inaunguruma. Ukawa unayumba, unashika ukuta ukitoka nje. Nilirudi dukani nikamweleza yule kaka. Akasema homa imejificha kichwani.

Homa gani, Yusta? Hukuwa na homa. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa umekugusa paji la uso kila asubuhi likawa la baridi. Lakini nilikuwa nimeshaingia njia hiyo na sikujua namna ya kusimama. Siku nne nyingine. Siku ya mwisho ulikataa kuingia nyuma ya pazia, ulishika mguu wa meza. Mimi ndiye niliyekubandua vidole, na mimi ndiye niliyekushika mikono wakati unachomwa. Hilo sikutaka uambiwe na mama yako.

Mwezi mmoja baadaye mwalimu wako alituita akasema mtoto haitiki akiitwa jina.

Hospitalini Iringa daktari wa masikio aliuliza kwa upole, "Kabla ya hapa alipewa dawa gani? Alichomwa sindano yoyote?" Mama yako alifungua mdomo. Mimi nikawahi. Nikasema, "Hakupewa kitu. Nesi wa kwetu alikataa kumtibu, homa ikapanda." Akaandika. Ndivyo ilivyoingia kwenye faili lako, na ndivyo ulivyokuja kuisoma ulipojua kusoma. Na ulipouliza kuhusu sindano unazozikumbuka, nilikuambia zilikuja baada ya masikio kuharibika. Mama yako alilishika hilo faili njia nzima ya kurudi. Nadhani aliona akinikana mbele ya daktari nitavunjika, akaamua kuubeba uongo wangu pamoja nami. Usimkasirikie sana. Mkasirikie kidogo, ana haki ya kupata kidogo, lakini sehemu kubwa niletee mimi.

Na sasa ya kanisani. Ile ibada ya shukrani, nilipokupandisha mbele umevaa gauni la njano, nilishika kipaza sauti nikamshukuru Mungu kwa kuokoa uhai wako, "ingawa aliyepewa kazi ya kututibu alitufukuza na panado." Nilisema hivyo nyumbani mwa Bwana. Nesi Bupe alikuwa amekaa benchi la tatu upande wa akina mama. Kwao ni Moravian, ila huku kwetu alisali nasi. Watu waligeuka wakamtazama. Yeye alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo, akakitazama hicho kitabu mpaka mwisho wa ibada.

Wiki hiyohiyo alikuja nyumbani na kilo ya sukari. Nilimkuta mlangoni, sikumkaribisha. Akauliza swali moja tu: "Baba Yusta, mtoto alichomwa nini?"

"Hakuchomwa."

"Haya," akasema. Akaweka sukari juu ya mtungi, akaondoka. Baada ya muda tukasikia ameomba uhamisho kurudi kwao Mbeya.

Ngoja nikuambie kwa nini hilo linanichoma kuliko mengine. Miaka miwili kabla ya homa yako, mama yako alipokuwa anamzaa Baraka, mimi ndiye niliyesema tusubiri. Nilisema wanawake wote huchelewa. Nesi Bupe alimtazama mara moja, akatoka barabarani akiwa na gauni la kazi, akasimamisha lori la nyanya kwa mikono miwili. Alimkalisha mama yako kwenye kiti cha mbele, yeye akakaa chini miguuni pake ameshikilia chupa ya dripu juu, mpaka Iringa. Walimpasua usiku uleule. Daktari alisema wangechelewa kidogo tungezika wawili. Kwa hiyo yule mama hakuwa mtu wa kuogopa dawa wala kupenda kuchelewa. Alijua lini mwili uachwe ufanye kazi yake na lini usiachwe. Mimi sikujua lolote kati ya hayo mawili, na kila mara nilichagua kinyume.

Ukweli wa sindano tuliusema mara moja tu, Mbeya, ulipokuwa kidato cha pili. Wewe ulikuwa kwenye kile chumba cha kupimia. Yule daktari mzee alituuliza swali lilelile, na safari hii mama yako hakunisubiri. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema hawezi kuapa baada ya miaka yote hiyo, ila dawa za aina ile, zikitolewa bila kipimo na kwa siku nyingi, zinajulikana kwa kuharibu masikio. Nikamwambia basi turekebishe. Akasema, "Baba, ngozi ikikatika inajiziba. Mfupa ukivunjika unaunga. Lakini ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, na vile vikifa havioti tena. Sina dawa ya kuviotesha. Hakuna aliye nayo."

Mimi hapo nilikasirika, na sijaacha kukasirika. Una kovu kwenye muundi wa kushoto. Ulijikata kwa jembe ukiwa na miaka kumi, nyama ikaonekana. Tuliliosha tu, wakashona nyuzi nne, na mwili wako ukafanya yaliyobaki wenyewe ukiwa umelala. Mwili uleule! Umeziba nyama, umeotesha kucha iliyong'oka, umefukuza homa kwa siku tatu bila kuombwa na mtu, halafu kitu kidogo kama kinyweleo umekataa. Nimemwuliza Mungu hilo nikiwa nimepiga magoti na nikiwa nimesimama. Sijajibiwa, na nakuambia wazi kwamba tumekuwa tukizungumza naye kwa kununa. Naenda kusali kama kawaida. Nawafundisha watoto wa kipaimara kama kawaida, isipokuwa tukifika amri ya nane, ile ya kumshuhudia jirani uongo, huwa namwachia mwinjilisti aifundishe. Miaka yote hii watu wanadhani napendelea amri nyingine.

Badala ya kutubu nikaendelea kukutibu. Matone ya kutoka Makambako, mafuta ya vitunguu saumu, mafuta ya yule mhubiri wa Mafinga yaliyokuwashia ngozi wiki nzima, yule mama wa Kilolo aliyekuvuta taya. Kila likizo ya shule nilikupakia kwenye gari. Wenzako walikuwa wanaogelea mtoni, wewe uko kwenye foleni na baba yako. Ulikuwa na miaka kumi na sita uliponiambia, "Baba, mimi siumwi. Niache." Ulisema kwa sauti kubwa kama unavyosema kila kitu, foleni nzima ikageuka, nami nikaona aibu badala ya kuelewa. Hata juzi, mwanangu, hata juzi nilikuwa nimeshapata namba ya mtaalamu mwingine huko Mbeya, nimeificha kwenye Biblia nikutumie ukishafika. Nimeichana asubuhi hii. Kile kifaa cha kuvaa sikioni, ambacho ulikikataa kwa sababu kilipiga filimbi, siku hizi wanasema vipo bora. Ukitaka utakijaribu. Usipotaka hutasikia neno kutoka kwangu.

Najua unakumbuka msimu uliopita uliposimama mbele ya bomba. Nyanya zilikuwa zimekunja majani, nami nimeshakoroga. Ukasema, "Baba, hii mistari miwili iache. Siku nne tu. Ni jua na maji, si ugonjwa." Nilikuachia kwa sababu ulinitolea macho. Siku nne hizo niliamka alfajiri kuchungulia kama mtu aliyelaza mgonjwa. Ya tano majani yakafunguka, na machipukizi mapya yakatoka pembeni. Ulirukaruka ukanikumbatia na mbolea mikononi. Ukaona machozi, ukadhani ni furaha. Nilikuwa na hasira, Yusta. Nilikuwa nimeweza kusubiri siku nne kwa ajili ya nyanya.

Usisome hii ukaanza kuogopa hospitali. Mama yako yupo kwa sababu ya kisu cha daktari. Mimi sijui kanuni yoyote ya kukupa, ningekuwa naijua usingekuwa unasoma barua ya namna hii. Najijua mimi tu: siwezi kukaa kando ya kitu kinachouma bila kukigusa, na mara nyingi nilipogusa ilikuwa nijitulize mwenyewe. Huko unakokwenda watakufundisha kupima kabla ya kupiga. Mimi nilifundishwa hilo bure na mwanamke aliyevaa gauni jeupe, nikamchukia kwa sababu watu walicheka.

Nimeongea na mchungaji. Jumapili ijayo atanipa nafasi baada ya matangazo, na nitasema palepale niliposimama ile siku, kwa kipaza sauti. Kisha wiki inayofuata nitapanda basi kwenda Uyole mwenyewe. Sijui kama Nesi Bupe atanifungulia. Sitapeleka kitu mkononi, nisije nikajificha nyuma ya zawadi. Wewe usiende kuniombea msamaha. Huo si mzigo wako. Ukitaka kumwona kwa sababu zako, nenda ukamwone, lakini uende ukijua kwamba yeye ndiye mtu pekee kipindi kile aliyekutibu vizuri.

Vitunguu vimeshalowa mpaka maji yanamwagika njiani, ngoja nimalize.

Barua za namna hii watu huziweka kwenye begi, mtoto azikute akiwa mbali. Nilifikiria kufanya hivyo. Nikaona ni mimi yuleyule, nakimbia tena. Basi la kutoka Dar hupita hapa kati ya saa saba na saa nane mchana. Nitakupa karatasi hizi kesho mara tu baada ya chai, uzisome hapahapa nyumbani. Utakuwa na asubuhi nzima ya kunikasirikia nikiwa mbele yako. Nitakuwa kibarazani. Sitakuja kukuuliza umefika wapi, wala sitaingia ndani kukubembeleza.

Ukimaliza, toka na begi lako. Ukinipa nikubebee mpaka barabarani, nitalibeba. Ukipita nalo mwenyewe bila kunitazama, nitakaa hapohapo mpaka nisikie basi limeondoka.

Baba yako,
Zakaria